Jino la Bwire Lilivyotaka Kuniziba Pumzi

Naitwa Leokadia. Hapa kisiwani, Nansio, wananiita Mama Sabina. Haya ninayoyaandika yamenipata mwilini mwangu, na waliohusika nitawataja, maana wao waliponishika mdomo hawakuuliza kama nitaona aibu. Kama una jino linakuuma leo na unajiambia litapoa lenyewe, kaa chini usome.

Kabla ya haya nilikuwa mzima. Kazi yangu ni kushona nyavu. Ni mwanamke, lakini kazi hii nimeirithi kwa baba, ambaye watoto wake wa kiume hawakupenda kukaa chini. Shule niliishia darasa la nne. Wavuvi wananiletea nyavu zilizochanwa na mawe au kiboko, nazitandaza uani, nashona tundu kwa tundu. Baba alinifundisha kwamba uzi wa nailoni haukatwi kwa kisu, maana kisu kikiteleza kinafungua matundu uliyokwisha kushona. Unakatwa kwa jino. Wala usitumie jino la mbele, litapata pengo, na mwanamke ataharibika uso. Unaupeleka nyuma kwenye gego, unauvuta mpaka fundo likaze, halafu unauma. Kwetu tulifanya hivyo wote. Mtu wa ukoo wetu akipiga miayo utaona magego yake ya kulia yana mfereji.

Siku gego langu lilipopasuka nilikuwa nakaza fundo kwenye wavu wa sangara. Nilisikia mlio kichwani kama kijiti kikavu kimevunjika. Ulimi ukaenda kupeleleza, ukakuta kipande hakipo. Nikatema, nikahamia upande wa kushoto, nikaendelea. Baadaye maji ya baridi yakaanza kuuma, ikafuata chai, mwisho hata upepo wa ziwani nikifungua mdomo kumwitikia mtu. Ndani ya lile pango pakaanza kunuka.

Kung'oa niliogopa. Upande ule wa chini magego mengine yalishatoka zamani, yalibaki mawili tu ya kusagia, hilo bovu na jirani yake. Nilijiuliza, nitang'oa, halafu ugali na samaki nitasagia nini? Nikiwa kwenye woga huo ndipo Bwire akanipata.

Bwire ana kibanda karibu na soko la Nansio. Ubao wake umechorwa mdomo mwekundu unaocheka. Watu wanamwita daktari lakini hakusomea. Alikaa na fundi mmoja wa meno huko ng'ambo, akamwangalia anavyofanya, akarudi kisiwani na begi. Sifa yake ni moja, kwamba hang'oi. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, anakuwekea jino, unaondoka nalo.

Akanimulika kwa tochi ya simu. Akasema, "Hili haling'oki, dada. Hili tunalivika kofia. Utashona nyavu mpaka wajukuu wazeeke."

Nikamuuliza, mbona ndani pananuka?

"Harufu inatoka kwa sababu pako wazi," akasema. "Tukiziba, itatokea wapi?"

Nilicheka. Nikaona kweli, itatokea wapi. Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kutokea shingoni kwangu.

Akasaga gego bovu kwa kimashine chake. Kisha akasaga na lile la jirani, lililokuwa zima kabisa, halina hata doa, akisema kofia inahitaji pa kushikia. Akachanganya unga mweupe na maji yenye harufu ya rangi ya kucha, akapata kidonge kama unga wa maandazi uliokandwa, akakibandika juu ya meno yote mawili akakifinya kwa vidole. Kikapata moto mdomoni. Kikakauka. Nikatoka pale nacheka na kila mtu. Wanawake sokoni wakaniambia nimekuwa msichana.

Maumivu yalianza taratibu, chini ya taya. Nikasema ni ugeni wa jino. Kesho yake asubuhi nilipoinama kuosha uso nikahisi shingo nzito, kama kuna mtu ameweka mkono hapo. Nikashika. Palikuwa pagumu. Uvimbe naujua, unabonyea ukiubonyeza. Huu haukubonyea, ulikuwa kama ubao. Tena ulikuwa pande zote mbili, hata upande usio na jino lile. Ulimi ukaanza kupanda juu, kama umewekewa mto chini yake. Mate nikimeza yanarudi. Nikimwita mtoto wa jirani, sauti inatoka ya mtu aliyejaza ugali mdomoni.

Mume wangu alishafariki, kwa hiyo jambo kubwa la nyumbani msemaji ni kaka yake, shemeji Majura. Akaja. Tukaenda zahanati. Tabibu aliponishika shingo tu uso wake ukabadilika. Akasema nichomwe sindano sasa hivi, kisha nivuke kwenda Mwanza bila kungoja. Akaanza kuvuta dawa kwenye bomba.

Shemeji Majura akasimama kati yangu na yule tabibu. Wazee wa upande wao wana msemo kwamba uvimbe wa moto ukigusana na sindano, sumu yote inakimbilia moyoni. Akasema, "Huyu ni mke wa ndugu yangu. Uvimbe huu hauchomwi. Ukimchoma na akafa, utamzika wewe?"

Tabibu akajaribu kumweleza. Akanigeukia mimi, akaniuliza ninasemaje. Nilitaka kusema nichomwe. Nilifungua mdomo, mate yakamwagika kifuani, neno halikutoka. Shemeji akanishika mkono tukarudi nyumbani. Nawaambia ukweli, mpaka leo naona bomba lile mkononi mwa tabibu, limejaa dawa, na mimi naondoka naliacha.

Nyumbani wakaniwekea majani yaliyopondwa na majivu ya moto. Nikilala pumzi inakatika, nikikaa inarudi kidogo. Nikajua kwamba nikisinzia nitaanguka, na nikianguka chali nimekwisha. Kwa hiyo nilikaa nimeegemea ukuta, mikono kwenye magoti, kidevu mbele kama kuku anayesikia joto. Nilikuwa nasikiliza pumzi yangu tu. Ikiingia inalia. Kila ikilia nilijiuliza kama inayofuata ipo.

Aliyeniokoa ni binti yangu. Sabina anaishi ng'ambo, Pasiansi ya Mwanza, anauza kwenye duka la dawa za mifugo. Jirani alimpigia simu kwa siri. Alivuka na kivuko cha asubuhi, akaingia ndani, akaniona, hakumwamkia baba yake mkubwa. Hilo peke yake lilinitisha, maana Sabina tumemlea vizuri. Akachukua kanga akanifuta mate.

Shemeji akamwambia, "Sisi wakubwa tumeshaamua."

"Baba mkubwa, shikamoo," Sabina akasema akiwa anafunga begi langu. "Ng'ombe akivimba hivi koo, hata mimi simwachi mpaka kesho. Mama anaondoka na kivuko hiki hiki."

Kwenye kivuko nilikaa kwenye benchi nimeinama mbele, Sabina amenishika mabega ili nisilale. Abiria walisogea mbali nasi. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba nimelishwa kitu. Mwingine akanipa soda, na mimi maji yenyewe hayapiti. Nilitazama Mwanza ikitokea mbele, yale mawe makubwa juu ya vilima, na niliona kama haisogei. Nilikasirika na kivuko. Nilikasirika na ziwa lote, ambalo nimekula kwake maisha yangu yote, kwa nini leo limekuwa pana.

Hospitali kubwa hawakuniuliza mengi. Daktari mpasuaji, mzee mwenye sauti ya chini, aliniangalia akamwambia muuguzi asinilaze kitandani. Akachuchumaa mbele yangu ili nimwone. Akaniambia, "Mama, usilale. Nitakuwekea mpira puani ukiwa macho, ufike kwenye pumzi. Ukishafika, ndipo nitakulaza usingizi. Ukinielewa, nibane mkono."

Nikambana. Sijawahi kumbana mtu vile hata nikiwa najifungua.

Mpira ulipita puani, ukachoma mpaka machozi yakatoka, ukashuka kooni ninakohoa na kuta zote za koo zimefunga. Kisha hewa ikaingia yenyewe, baridi, nyingi. Nakumbuka mpaka hapo tu.

Walinipasua chini ya taya, pande mbili na katikati. Sabina anasema harufu ya usaha ule iliwatoa watu kwenye korido. Waling'oa lile gego bovu na kofia ya Bwire ikatoka nalo, na chini ya kofia pamejaa uozo uliokosa mlango. Ukakosa juu, ukatafuta chini. Niliamka nina mipira midogo imetokeza shingoni inatiririsha maji machafu kwenye pamba. Sikuweza kusema. Nilikula kwa mpira. Nilipoanza kumeza mate mwenyewe nililia, na muuguzi akadhani ninaumwa.

Shemeji Majura alikuja kuniona. Alisimama miguuni pa kitanda akasema Mungu ni mkubwa. Nikamwandikia kwa kidole kwenye shuka, herufi moja moja, NA KISU PIA. Alisoma, akavaa kofia yake, akaondoka. Najua bado anawasimulia watu kwamba ni majani yake yaliyolainisha uvimbe.

Mngedhani ushuhuda umeishia hapo. Hapana. Kilichobaki ndicho kilichoninyima raha zaidi, maana ukiwa karibu kufa huna nafasi ya wasiwasi, ila ukipona unayo siku nzima.

Kulikuwa na lile jino la jirani. Lilikuwa zima, Bwire akalisaga likabaki kisiki, na mshipa wake wa ndani ukafa. Mimi nilitaka ling'olewe lote. Nilimwambia daktari wa meno wa hospitali kwamba sitaki kitu chochote kitakachoweza kunirudisha kwenye mpira ule. Akanituliza. Akasema ndilo jino pekee lililobaki la kusagia upande huo, mzizi wake una nguvu. Akausafisha kwa visindano vyembamba, akaujaza, akaufunga. Kisha akanipa sharti. Jino hili sasa ni kama chungu kitupu, lazima livikwe kofia iliyobana pande zote, mate yasipite. Mate yakipita na vijidudu vinapita, na njia ya shingoni vinaijua.

Alisema vile kunifanya niwahi. Mimi nilisikia tu hilo la mwisho, kwamba njia vinaijua. Tangu siku hiyo nikiamka, kabla ya kusali, mkono unakwenda shingoni kubonyeza. Kama panabonyea, nasali.

Nilihamia kwa Sabina Pasiansi. Akasikia kuna kliniki mjini Nyamagana ina mashine mpya, kofia ya jino inachorwa kwa kompyuta na kuchongwa hapo hapo, unaondoka nayo siku ile ile. Mwenye kliniki ni Daktari Erick. Kijana, amesoma, viatu vinang'aa. Nilimwamini kwa sababu Bwire hakuwa na kiatu hata kimoja cha maana. Ndivyo mtu asiyesoma anavyopima watu, na waliosoma wanalijua hilo.

Erick akaingiza mdomoni kikamera kirefu chenye taa ya buluu, na kwenye kioo meno yangu yakaanza kujichora, makubwa kama yale mawe ya kilima cha Kapripointi. Lakini fizi ilikuwa imevimba, inavuja damu. Nilionja chumvi yake. Nikamwambia, daktari, naona damu. Alikuwa anatazama saa, nje kuna watu wengi. Akapangusa mara moja akaendelea. Kompyuta ikachora kofia yenyewe. Mashine kwenye chumba cha pili ikalia, maji yakaruka, kipande cheupe kikatoka na sura ya jino. Akakibandika. Kweli kilikuwa kizuri. Nilijitazama kwenye kioo nikaona jino jeupe lililokaa kama malkia.

Haukupita muda mrefu nikaanza kuonja kitu. Asubuhi, kabla sijapiga mswaki, kulikuwa na ladha ya kutu upande ule. Kisha nyama ikawa inaingia chini ya kofia haitoki. Kisha harufu. Ile ile. Siku nilipoitambua harufu ile nilikuwa nachambua mchele, nikaacha ungo ukaanguka. Nikashika shingo. Palibonyea. Nikashika tena. Nikaenda kwenye kioo, nikainua kidevu, nikaangalia yale makovu kama yamebadilika rangi.

Nikarudi kwa Erick. Sikuweza kukaa kwenye kiti, nilisimama. Nikamweleza ladha, nikamweleza harufu. Aligonga kofia kwa chuma, akaniuliza kama inauma. Haiumi, nikasema, mshipa wake umekufa, itaumaje.

Akatabasamu. "Mama, huo ni wasiwasi wa ugonjwa uliopita. Kompyuta haikosei."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Sasa sikujua nimwogope nani. Kama kompyuta haikosei basi mimi nimechanganyikiwa, na kama sijachanganyikiwa basi kuna kitu kinashuka polepole kwenye taya na aliyesoma anakicheka. Nikaacha kula upande ule, nikaacha nyama. Sabina alikuwa ananikuta nimekaa wima kitini, mikono kwenye magoti, kama nilivyokaa kule Nansio. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kupumua kabla koo halijafunga.

Shingoni nilijifunga mtandio. Watu wa daladala na wa sokoni walikuwa wananitazama makovu. Mmoja aliniuliza kama nilitaka kujinyonga. Nikaona heri nifunike.

Sabina ndiye aliyempata Daktari Salma, hapo hapo Pasiansi, chumba kidogo juu ya duka la vitambaa. Ni mama wa makamo wa familia za Kiislamu za mjini, baba yake alikuwa mshonaji. Aliniamkia shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho, hata nilipojirudia. Kisha akalipiga jino picha, akachukua chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa kofia, mahali inapokutana na jino. Upande wa shavu kikateleza vizuri. Upande wa ulimi kikazama. Nilikisikia kinazama. Chini ya lile jino zuri palikuwa na mlango.

Nikamshika mkono. Nikamuuliza, narudi kwenye mpira?

"Hurudi," akasema. "Umewahi. Picha inaonyesha mzizi uko sawa, kilichoanza kuoza ni ukingo tu. Huna wasiwasi wa bure, mama. Pua yako ilikuwa kweli."

Hapo nililia. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa hasira ya siku zote nilizojiona kichaa.

Nikamwambia alichosema Erick, kwamba kompyuta haikosei. Akawasha kompyuta yake, ana mashine ya namna ile ile. Akasema kamera inachora kile inachokiona. Damu ikifunika ukingo wa jino, kamera inaona damu, na kompyuta haisemi sijui, inakisia mstari ipendavyo. Mashine nayo inachonga ilichoambiwa, kwa uaminifu kabisa. "Kwa hiyo kofia yako ilichongwa sawasawa," akasema, "lakini kwa jino ambalo huna."

Hakuniwekea mpya siku ile. Aliikata kofia ya Erick, akasafisha uozo, akaniwekea kofia ya muda, akasema tungoje fizi ipone. Nilimsihi amalize leo. Kungoja kwangu ni kubonyeza shingo kila asubuhi. Akakataa. Akanifundisha kusukutua kwa maji ya chumvi na kupiga mswaki penye damu bila kupaogopa. Nilimchukia kidogo kwa kunichelewesha. Baadaye nilielewa kwamba wote walioniumiza walikuwa na haraka. Hata shemeji, uamuzi wake haukuchukua pumzi mbili.

Fizi ilipokuwa imepona, rangi ya waridi, akaniita. Akatoa kijiuzi chembamba cheusi. Nilipoona uzi unakuja mdomoni nikafunga midomo. Yeye hakujua kwa nini. Nikamweleza habari za baba na nyavu na gego. Hakucheka. Akasema uzi huu hauumwi, unazungushwa kwenye shingo ya jino na kusukumwa chini ya fizi, ili fizi irudi nyuma na ukingo uonekane. Nikafungua mdomo. Nilisikia anavyouzungusha, anakandamiza kidogo kidogo, pole pole. Mimi najua mkono wa mtu anayefanya kazi ya uzi. Mabega yangu yakashuka.

Akapiga kamera. Akaniambia nikae niangalie kwenye kioo. Ukingo wote ulionekana, mweupe, kama ukingo wa sahani. Kompyuta ikaweka mstari wake. Salma hakuukubali. Akausogeza kwa mkono, nukta moja, akalizungusha jino, nukta nyingine, akakuza picha, akarudi. Ni kama kufunga kamba ya juu ya wavu, ambapo ukiacha sehemu moja wazi umewapa samaki mlango. Kisha akaweka kipande kwenye mashine. Kilikuwa rangi ya zambarau. Nikashtuka, nikamuuliza kama nitatembea na jino la zambarau. Sabina alicheka mpaka akatoka nje. Kumbe kikishachongwa kinaingizwa kwenye tanuri dogo, kikitoka kimekuwa na rangi ya jino.

Alikijaribu kabla ya kukibandika. Akaniambia niume karatasi ya rangi kuona pananigusa wapi, akasaga kidogo, nikauma tena. Akapitisha kile chuma kilichopinda kuzunguka pande zote. Nilishika mikono ya kiti nikingoja kizame. Hakikuzama. Akarudia upande wa ulimi kwa ajili yangu, mara nyingine, na nyingine, mpaka nikasema basi.

Akanikataza jambo moja, nisikate uzi kwa jino tena, hata kama baba atatoka kaburini kuniamuru. Siku hizi nina mkasi mdogo nimeuning'iniza kiunoni. Kazi inakwenda polepole kuliko zamani. Iende.

Nilipokuwa naaga akaniangalia shingo. Akashika ushungi wake mwenyewe, akasema, "Huu mimi nauvaa kwa ajili ya Mungu wangu. Huo wako unamfichia nani?"

Nilishuka ngazi nikifikiria, nikapanda kivuko kurudi Nansio nikifikiria.

Nashukuru. Namshukuru Mungu, mpasuaji aliyechuchumaa, yule tabibu wa zahanati ambaye hatukumsikiliza, Daktari Salma, na Sabina ambaye hakuamkia. Ninyi wenye meno mabovu, ng'oeni au tibuni, msizibe. Anayekuambia ataziba bila kusafisha, mkimbie. Shingo ikiwa ngumu kama ubao usingoje kikao cha ukoo. Dawa ya sindano haikimbizi sumu moyoni, mimi nimechomwa nyingi kuliko nywele zangu na moyo upo. Na ukihisi kitu mdomoni mwako na aliyesoma anacheka, nenda kwa mwingine. Mdomo ni wako.

Bwire? Bwire yupo. Ubao wake umepakwa rangi upya. Nilimshtaki kwa viongozi, wakafunga kibanda, kikafunguliwa. Basi siku za soko nachukua nyavu zangu, nachukua mkeka, naenda kukaa mlangoni kwake. Mahali pale ni pa kila mtu. Mtandio nimeuacha nyumbani. Nashona. Mtu akija ameshika shavu, namwamkia, nainua kidevu ili aone vizuri, kisha naendelea na kazi yangu. Wengine wananiuliza, nawasimulia. Wengine hawaulizi, wanageuka tu wanakwenda kupanga foleni hospitali.

Juzi Bwire alitoka nje, akasimama akaniangalia ninavyokata uzi kwa mkasi. Akasema, "Dada Leokadia, utakaa hapa mpaka lini?"

Nikamwambia nitaondoka nyavu zikiacha kutoboka.